Likizo ya ugonjwa New Jersey: je, vibarua wa muda tumo?

Swali: Nimesoma kanuni za kutekeleza sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Oktoba 2018, inayompa mfanyakazi saa 1 ya likizo yenye malipo kwa kila saa 30 za kazi. Je, sisi wa muda tumo?

Jibu: Mmo. Kikomo ni saa 40 kwa mwaka, na ingawa mwajiri anaweza kumzuia mfanyakazi mpya kuzitumia hadi siku ya 120 ya ajira, zinalimbikizwa tangu siku ya kwanza.

Jibu: Tena zinafaa hata kumuuguza mtoto au mzazi. Cheti cha daktari kinaweza kudaiwa ukikosekana siku 3 mfululizo au zaidi. Naona ni haki, maana homa ya siku moja haistahili gharama hiyo.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitadai kumbukumbu za saa zangu, ambazo mwajiri hulazimika kuzitunza miaka 5.