Naomba ushauri: mwenye nyumba hataki kunisainia fomu ya makazi, Ujerumani

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Nimefika Leipzig siku 9 zilizopita, peke yangu, kwa kazi ya uuguzi, na nimepanga chumba nilichokipata kabla ya kusafiri. Sheria ya hapa inamtaka mgeni ajiandikishe katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2 tangu ahamie, akiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Bila hivyo sitapata namba ya mlipakodi, na mwajiri ameniambia kwamba nisipoileta, mshahara wa kwanza utakatwa kodi ya kiwango cha juu kabisa.

Mwenye nyumba, ambaye pesa ya pango na amana alizipokea upesi sana, sasa anasema fomu hiyo si ya lazima. Nimemwandikia mara 2, kisha nikaipitisha fomu chini ya mlango wake. Jana niliikuta kwenye sanduku langu la barua, haina hata alama ya kalamu.

Je, kisheria anaweza kukataa? Na nikienda ofisini na mkataba wa kupanga pekee, watanisajili?

Natanguliza shukrani.