Michael Kiwanuka: tuanze na Home Again, Love & Hate au KIWANUKA?

Mdau_wa_Santuri:
Wakuu, naomba tumsaidie msikilizaji anayemjua Michael Kiwanuka, mwanamuziki wa Uingereza, kwa ule wimbo wa mwanzo wa tamthilia ya Big Little Lies tu, na sasa anataka albamu nzima. Mezani zipo tatu: Home Again (2012), Love & Hate (2016) na KIWANUKA (2019). Aanze na ipi? Na aichukue mtandaoni, kwa CD au santuri?

Nyuzi_Sita:
Ya pili, Love & Hate, bila kusita. Huo wimbo wa tamthilia ni Cold Little Heart, ndio unaofungua albamu hiyo, na una urefu wa karibu dakika 10. Kwenye runinga umesikia kipande tu.

Takriban dakika 5 za mwanzo hazina ubeti hata mmoja. Fidla zinatanda kwanza, kisha waitikiaji wanaingia kwa sauti zisizo na maneno, halafu gitaa la umeme linaanza kulia juu yao, noti ndefu ndefu, hakuna haraka. Yeye mwenyewe akifungua kinywa, moyo umeshalainika. Toleo fupi la redio limeondoa utangulizi huo wote, ndiyo maana wengi wanaudhani ni wimbo mzuri wa kawaida. Kwenye orodha ya nyimbo tazama muda: ukiona dakika 3 na ushee, hilo ndilo lililokatwa. Liache.

Kanda_Mbili:
Nakubaliana na Nyuzi_Sita, ila tusiiruke Home Again kana kwamba haina maana. Iliandaliwa na Paul Butler, ikafika namba 4 Uingereza, mwaka uleule Kiwanuka alipoongoza orodha ya BBC ya wasanii wapya wa kutazamwa. Gitaa lake la mbao liko mbele, sauti iko karibu na maikrofoni. Anayejifunza gitaa ataokota mengi humo. Udhaifu wake ni kwamba inaegemea mno soul ya miaka ya 1970, ule muziki wa Wamarekani weusi, na wahakiki walimlinganisha na Bill Withers, mwimbaji wa muziki huo, kila walipopata nafasi.

Love & Hate ndiyo iliyomtoa kwenye kivuli hicho. Butler bado yumo, lakini wameongezeka watayarishaji Danger Mouse na Inflo, na hapo ndipo besi, ngoma, fidla na kwaya vilipopata uzito. Ilitoka Julai 2016, ikaingia chati ya Uingereza moja kwa moja namba 1, kisha ikateuliwa kuwania Tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka kule Uingereza na Ireland, ambayo mwaka huo ilikwenda kwa msanii wa rap Skepta. Kwa albamu yenye nyimbo ndefu kiasi hicho, mapokezi hayo si haba.

Sikilizeni Black Man in a White World: makofi, gitaa la kukatakata, na mstari mmoja unaorudiwa hadi unageuka kilio. Ni sauti ya mtu aliyezaliwa London na wazazi Waganda walioukimbia utawala wa Idi Amin. Msikilizaji wa huku kwetu hahitaji kufasiriwa hilo.

Bint_Rekodi:
Kanda_Mbili umenena, lakini kasoro nayo tuitaje. Nyimbo Cold Little Heart, Love & Hate (wenye jina la albamu) na Father's Child peke yake zinakula karibu dakika 24 kati ya 55 za albamu. Asiyezoea anachoka katikati, na anayechoka huanza kurukaruka. Nyimbo hizi hujengwa tabaka juu ya tabaka: kwenye wimbo Love & Hate waitikiaji wanarudia kiitikio kilekile, na kinachobadilika ni kilicho chini yao. Ukiruka mbele dakika 3, unakuta kilele ambacho hukukipandia.

Kwangu mimi KIWANUKA ndiyo bora kuliko zote, na ndiyo iliyochukua Mercury mwaka 2020. Lakini si ya kuanzia. Ina vipande vifupi kati ya nyimbo na vingine vimeungana, kwa hiyo ukiiweka kwenye mpangilio wa kuchanganya inavunjika vipandevipande.

Fundi_Spika:
Sasa muundo. Mtandaoni, kwa ubora wa kbps 320 (kipimo cha data ya sauti kwa sekunde), dakika 55 za Love & Hate zinakula takriban MB 130 za bando. Kwa kbps 96 ni kama MB 40, lakini fidla na matoazi yanakwaruza. Pakua mara moja ukiwa kwenye Wi-Fi, usitiririshe kila siku.

Kisha zima kuchanganya nyimbo, na kile kipengele cha kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine kiweke sekunde 0. Sauti nayo: Cold Little Heart inaanza chini sana. Watu huongeza hadi mwisho, ngoma zikiingia spika ndogo zinapasuka sauti. Pima sauti kwa wimbo wa pili, ule wenye makofi, halafu rudi wa kwanza bila kugusa kitu.

Mdau_wa_Santuri:
Shukrani, Fundi. Na santuri je? Naona ni sahani mbili, bei iko juu.

Fundi_Spika:
Mbili zina sababu. Dakika 55 kwa pande nne ni kama dakika 14 kila upande. Wangezibana kwenye sahani moja, kila upande ungebeba zaidi ya 27, mifereji ingesongamana na wangelazimika kupunguza sauti na besi. Ukinunua iliyotumika, itazame kwa tochi ikiwa imeinamishwa, hasa karibu na lebo katikati, ndiko sindano iliyochakaa huharibu zaidi. Sindano nyingi za sasa hutaka kukandamiza sahani kwa uzito wa karibu gramu 2. Soma karatasi ya yako. Kama huna kicheza santuri ambacho uzito huo unapimika, chukua CD.

Bint_Rekodi:
Naongeza moja: ukiwa na CD, usiizime Father's Child sauti zinapoanza kupungua. Kinanda cha mwisho ndicho kinachokuingiza The Final Frame, wimbo wa kufungia albamu.