Je, Josh Allen ni kipimo halali cha kumpimia kwotabeki wa chuo?

Mfuatilia_Takwimu aliuliza:

Ndugu wanajamvi, kila mwaka drafti ya NFL, yaani zoezi la timu za ligi kuu ya futiboli ya Marekani kuchagua kwa zamu wachezaji kutoka vyuoni, inapokaribia hujitokeza kwotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) wa chuo mwenye mwili mkubwa na mkono wenye nguvu ambaye pasi zake nyingi haziwafikii walengwa, na kila mwaka watetezi wake hulitaja jina lilelile la Josh Allen. Wanatukumbusha kwamba Allen aliondoka Chuo Kikuu cha Wyoming akiwa amefikisha asilimia 56.2 tu ya pasi zake, akachaguliwa wa 7 na Buffalo Bills mwaka 2018, na kufikia msimu wa 2020 akawa anafikisha asilimia 69.2 dhidi ya walinzi bora zaidi duniani. Hoja hiyo inavutia, lakini mimi inanitia shaka. Mwaka 2023 Indianapolis Colts walimchagua Anthony Richardson wa Florida akiwa wa 4, kwa matumaini ya namna hiyohiyo, na msimu wa 2024 alifikisha asilimia 47.7. Naomba wenye ujuzi wanieleze: tunapomtazama kijana angali chuoni, tunatofautishaje kasoro inayorekebishika na ile atakayokuwa nayo hadi anastaafu?

Jicho_la_Skauti alijibu:

Ndugu Mfuatilia, nianze na hiyo asilimia yenyewe, kwa kuwa wengi huisoma kana kwamba mpira wa chuo na wa NFL unachezwa kwa masharti yaleyale. Katika mpira wa chuo, zile alama mbili za katikati ya uwanja ambazo mchezo huanzia kati yake zimeachana kwa futi 40, ilhali katika NFL zimeachana kwa futi 18 na inchi 6. Matokeo yake, mpira wa chuo ukianzia kwenye alama ya kushoto, upande wa kulia hubaki na eneo pana mno ambalo walinzi hawawezi kulifunika lote, na mpokeaji husimama huko akiwa peke yake. Tena, kanuni za chuo humruhusu mchezaji wa mstari wa mbele kusogea hadi yadi 3 mbele kabla pasi haijarushwa, wakati NFL inamruhusu yadi 1 tu. Kwa hiyo makocha wa vyuo hubuni michezo ambayo walinzi hawajui kama mpira utakimbizwa au utarushwa, na kwotabeki anachohitaji ni kumtazama mlinzi mmoja kisha kutoa pasi fupi. Kijana anayefikisha asilimia 70 kwa mtindo huo huenda hajawahi kuombwa afanye lile ambalo ataombwa kulifanya Jumapili, siku ya mechi za NFL.

Wyoming hawakucheza hivyo. Allen alirusha pasi ndefu nyingi, mara nyingi akiwa anakimbizwa, na baada ya msimu wa 2016, ambao alirusha pasi 28 za tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani) na pasi zake 15 zikanaswa na wapinzani, wapokeaji wake wakuu na mkimbiaji Brian Hill waliondoka. Hata hivyo nisiwaonee waliomtilia shaka, kwa maana mwaka 2017 alipokutana na Oregon alifikisha pasi 9 kati ya 24 kwa yadi 64 tu, na mbele ya Iowa pia hakung'ara. Hizo ndizo zilikuwa timu kubwa katika ratiba yake, na skauti (mtafuta vipaji wa timu) aliyeziandika kama onyo alifanya kazi yake sawasawa.

Sasa nifike kwenye swali lako. Mimi hutazama pasi zilizokosa shabaha na kuuliza ni sehemu gani ya mwili au ya akili iliyokosea. Pasi nyingi mbovu za Allen zilitokana na miguu: nyayo hazikuelekea kwa mpokeaji, uzito ulibaki nyuma, na pasi ya yadi 6 aliirusha kwa nguvu ya yadi 50. Macho yake lakini yalikuwa yamekwenda mahali sahihi mara nyingi kuliko takwimu zilivyoonyesha. Miguu hufundishika, kwa taabu na kwa muda, kama alivyofanya na kocha wake binafsi Jordan Palmer. Macho yanayochelewa kumwona mlinzi wa nyuma anayebadilisha nafasi ni tatizo la aina nyingine, na ni wachache niliowaona wakipona.

Benchi_la_Ufundi alijibu:

Nakubaliana na mengi, ila nadhani mwenzetu amemsahau aliyechaguliwa wa 32 katika drafti hiyohiyo. Lamar Jackson alimaliza Louisville akiwa na asilimia 57 ya pasi zilizofika, karibu sawa na Allen, na wapo waliodai hadharani kwamba afadhali abadilishwe awe mpokeaji, ingawa alikuwa ameshinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2016. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa NFL kwa kura zote. Lakini Baltimore Ravens hawakungoja abadilike: walivunja mfumo wao wa mashambulizi na kuujenga upya kufuata kasi ya miguu yake na maamuzi yake. Buffalo nao walimwachia Allen kocha mmoja wa mashambulizi, Brian Daboll, kwa misimu minne mfululizo, wakamletea Stefon Diggs mwaka 2020. Asilimia zake zilipanda hatua kwa hatua, 52.8, kisha 58.8, kisha hiyo 69.2 unayoitaja. Kwangu mimi, tathmini ya kijana isiyosema ataangukia mikononi mwa nani ni nusu ya tathmini.

Mfuatilia_Takwimu aliandika:

Nashukuru. Hata hivyo Richardson naye ana miguu ya kasi, na kocha aliyempokea, Shane Steichen, alikuwa ametoka kumlea kwotabeki Jalen Hurts huko Philadelphia. Mazingira yalionekana mema. Kilichokosekana ni nini?

Benchi_la_Ufundi alijibu:

Mechi za kutosha. Richardson alianza mechi 13 tu akiwa Florida, kisha akapewa nafasi ya kuanza tangu mechi ya kwanza ya msimu wake wa kwanza, na bega likaumia katika mechi yake ya 4. Mitchell Trubisky, aliyechaguliwa wa 2 mwaka 2017, naye alikuwa ameanza mechi 13 chuoni, na hakufikia matarajio. Patrick Mahomes, aliyechaguliwa wa 10 mwaka huohuo, alikaa nyuma ya kwotabeki mkongwe Alex Smith karibu msimu mzima, kisha akang'ara. Kijana asiyeona mengi chuoni anahitaji kuonyeshwa mahali fulani, na NFL humwonyesha kwa kumwangusha.

Jicho_la_Skauti alijibu:

Hapo naongeza tahadhari, maana Cam Newton alikuwa kwotabeki wa Auburn kwa msimu mmoja tu, akachaguliwa wa kwanza mwaka 2011 na kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015. Kwa upande mwingine, Brock Purdy alianza kwa misimu minne akiwa Iowa State, na timu zote zikampita hadi nafasi ya 262, ya mwisho kabisa mwaka 2022, kwa sababu mwili wake mdogo na mkono wake wa kawaida viliwazuia kuona jinsi anavyoamua mapema. Idadi ya mechi humpa skauti ushahidi zaidi. Haimwambii ushahidi huo unasema nini.

Ukitaka kujizoeza, ndugu Mfuatilia, chukua mechi za kijana dhidi ya wapinzani wenye nguvu na utazame majaribio ya tatu (kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi 10) yenye yadi 7 au zaidi za kutafuta. Hapo walinzi wanajua pasi inakuja, zile mbinu za kuwachanganya hazina nguvu, na kwotabeki analazimika kusoma zaidi ya mlinzi mmoja huku mstari wake wa mbele ukianza kubomoka. Usihesabu kwanza kama pasi ilifika. Simamisha picha pale mguu wake wa nyuma unapotua, uangalie nani yuko wazi, kisha uiachie iendelee uone kama ndiye aliyemtazama. Kama kila mara anamtazama aliye wazi na mpira unakwenda kando, mpe kocha wa miguu na mwaka mmoja kwenye benchi. Kama hamwoni kabisa, nisingemchagua katika raundi ya kwanza hata angekuwa na mkono wa Allen.