Soul ya Marekani, muziki wa Wamarekani weusi, ilipenyaje Uingereza?

Mpenda Sahani: Wakuu, "I'm Still Waiting" ya Diana Ross ilishika namba 1 Uingereza mwaka 1971, ilhali kwao Marekani hata 40 bora haikuingia. Ni redio hiyo?

Babu Santuri: Redio, tena mtu mmoja! Tony Blackburn, kipindi cha asubuhi cha BBC Radio 1. Wimbo ulikuwa umejikalia ndani ya albamu. Akaupiga weee, akaisukuma kampuni ya rekodi mpaka ikautoa kama singo, santuri ya wimbo mmoja.

Ila mzizi uko nyuma. Miaka ya 60 BBC ilibanwa na makubaliano: saa za kupiga santuri zilihesabiwa, muda uliobaki bendi za studio zikiigiza nyimbo za watu. Hebu fikiria nyimbo za Motown, kampuni ya rekodi za soul ya Marekani, zikipigwa na okestra ya ofisini! Mwaka 1964 wakaja maharamia, yaani redio zisizo na leseni, Radio Caroline na Radio London, wakirusha matangazo kutoka melini, santuri mchana kutwa. Blackburn alianzia hukohuko.

Mpenda Sahani: Si walipigwa marufuku?

Babu Santuri: Agosti 1967, ndiyo. Caroline ikakaidi. Septemba Radio 1 ikafunguliwa, ikawazoa watangazaji walewale.

Kijana wa Besi: Usisahau klabu za dansi za kaskazini mwa Uingereza zilizopiga soul, mzee. Kule redio ilikuwa inafuata nyuma.