Tupeane uzoefu: jiko, ua na baraza baada ya fundi kuondoka

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Kila Ramadhani inapokaribia, nyumba zetu huanza kupakwa rangi, na wenye uwezo huenda mbali zaidi wakavunja jiko la zamani na kujenga jipya. Nimeufungua uzi huu ili waliokwisha kutengeneza jiko, ua, baraza au dari ya juu watueleze nyumba ilikuwaje, walibadilisha nini, na mahali hapo panatumikaje sasa. Picha za majiko ya kupendeza zimejaa kila upande. Zinazokosekana ni habari za majiko hayo baada ya masika kupita na futari ya ukoo mzima kupikwa humo. Naomba tusitaje mafundi wala maduka kwa majina, wawe wametufurahisha au wametuudhi.

Naanza na nyumba yetu ya Mbweni. Mume wangu alitaka jiko la ndani lenye makabati hadi darini na meza ya granaiti, nami sikumpinga, ila niliomba kwanza tuandike kila kazi ya jikoni hufanyika wapi hasa. Ikadhihirika kwamba nazi hukunwa uani, samaki huparwa uani, masufuria makubwa huoshwa uani, na wali hupaliwa moto uani, wakati jiko la ndani lilikuwa la kuchemshia chai na kupashia moto viporo. Basi sehemu kubwa ya fedha ikaelekezwa kwenye upenu wa nyuma, na jiko la ndani likapata marumaru mpya na rangi tu.

Upenu huo una makaro mawili. Moja liko usawa wa kiuno kwa vyombo vya kila siku, na la pili liko chini kabisa, lenye kingo fupi, ili sufuria la pilau liburutwe na kuoshwa bila ya mtu kulinyanyua. Meza ya zege ina kimo cha sentimita 85, lakini tuliiacha wazi chini upande mmoja, kwa sababu mama mkwe wangu hukuna nazi akiwa ameketi juu ya mbuzi, na hakuna granaiti itakayomfanya asimame. Ukuta unaoelekea kwa jirani ni wa matofali ya matundu, hivyo upepo unapita na sisi tunabaki na sitara yetu. Kwa seredani tulijenga ukingo wa zege uliofunikwa na dohani, mahali ambapo mkate wa ufuta unaweza kugeuzwa na kuelekezewa makaa hadi uso wake uive. Kazi hiyo jiko la gesi haliiwezi, na anayebisha alete mkate wake tuuonje.

Kutoka Malindi, Mji Mkongwe

Waaleikum salaam, dada. Nyumba yetu ni ya mirathi, kwa hivyo kabla ya kumtafuta fundi tulilazimika kuwatafuta warithi, na hilo peke yake lingetosha kujaza uzi mwingine. Jiko liko ghorofa ya pili. Wapangaji waliotutangulia walikuwa wamepiga plasta ya saruji juu ya kuta za mawe ya matumbawe, na wakaweka karo kwenye ukuta ule ule ambao vichwa vya boriti vimeingizwa. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevunyevu na kuutoa tena. Ukizibwa kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, plasta huvimba na kuanguka mabamba kwa mabamba, na boriti huoza pale pasipoonekana.

Sehemu ya Beit el-Ajaib, lile jumba maarufu la kihistoria hapa mjini, ilipoporomoka mwezi wa Disemba 2020, wazee wetu waliamuru nyumba nzima ichunguzwe kabla ya mtu yeyote kuzungumzia makabati. Fundi, mzee aliyezoea nyumba za mji, alipita chini ya dari na kugonga boriti moja baada ya nyingine kwa mpini wa nyundo huku akisikiliza. Boriti nzima ilitoa mlio mkavu. Zilizokuwa chini ya karo zilitoa sauti ya kufifia, na alipozichoma kwa msumari karibu na ukuta, msumari ulizama bila ya nguvu. Hizo zilibadilishwa kwa boriti nyingine za mkoko, plasta ya saruji ikabanduliwa, na ukuta ukapigwa chokaa upya.

Karo lilihamishiwa kwenye ukuta usiobeba boriti, na mabomba yote yakapitishwa nje ya ukuta, ambako yanaonekana. Wageni husema hayapendezi. Mimi naona bomba linaloonekana ndilo linaloweza kuzibwa siku linapovuja, badala ya kusubiri doa litokee kwenye dari ya jirani wa chini.

Juu ya dari tulitaka mahali pa kupunga upepo jioni, pamoja na tangi la maji. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, bila ya kuhesabu tangi lenyewe, hivyo liliwekwa pale kuta mbili nene zinapokutana, na viti vikapewa sehemu iliyobaki. Chumba cha mji ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kuvuka mbali, aghalabu mita tatu hivi, na anayeondoa ukuta wa kati ili apate jiko kubwa la wazi kama la kwenye picha anaondoa kile kinachobeba ghorofa ya juu. Mwisho, msisahau kibali. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, kwa hivyo hata dirisha la jiko halipanuliwi kwa makubaliano ya mwenye nyumba na fundi wake tu.

Kutoka Wete, Pemba

Huku kwetu mazungumzo ya ua hayaanzi bila ya karafuu. Kaka yangu, aliyerudi kutoka Muscat, alitaka uwanja wa mbele uwe bustani yenye njia za mawe na viti katikati. Baba akamuuliza karafuu zitaanikwa wapi, barabarani? Kila msimu tunakumbushwa kuanika juu ya majamvi, mahali safi, ili zao lisipoteze ubora wake linapofikishwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na baba halioni hilo kuwa jambo la kujadiliwa.

Tulichokubaliana ni kuuacha uwanja wa kati wazi, wenye sakafu ya zege yenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, maji ya mvua yatoke upande wa migomba. Kando yake, chini ya upenu wa nyumba, tulijenga baraza ndefu yenye upana wa kumtosha mtu kukunja miguu, kwa kuwa hapo ndipo watu huketi usiku kuchambua karafuu, huku makonyo yakitupwa kwenye pakacha lake. Baraza nyembamba kama za nyumba mpya mtu hukaa nusu saa akalalamika mgongo. Bustani ya kaka imepata ukingo wa mbali: asumini, mrehani na mlangilangi mmoja. Msimu ukipita, sakafu ile ile hutandikwa mikeka kwa maulidi na harusi, na jiko la shughuli huwekwa nyuma ya nyumba, kwa kuwa baba hataki moshi ukaribie uwanja wa karafuu.

Nyongeza ndogo: turubai liwe na mahali pake maalumu karibu na sakafu. Mvua ya Pemba haimsubiri mtu aende kulitafuta ghalani.

Kutoka Jambiani

Nami ninachangia kuhusu upepo. Pwani yetu ya mashariki hupokea upepo kutoka baharini misimu yote miwili mikubwa, kwa kuwa kusi huvuma kutoka kusini mashariki na kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Jiko la nje la nyumba tuliyorithi lilikuwa upande wa bahari, na moshi wake wote uliingia vyumbani. Tulilihamishia upande wa magharibi wa ua, likawa na ukuta kamili mashariki na uwazi magharibi. Sasa moto hautawanywi na upepo, na moshi unaelekea mashambani.

Watu hupenda banda la makuti kwa ajili ya ubaridi wake, nami nalipenda pia, lakini si juu ya moto. Banda letu la kukalia lina makuti yenye mwinamo mkali, takriban nyuzi 45, maana makuti yaliyolazwa hushika maji na kuoza mapema. Jiko liko mbali nalo na limeezekwa bati. Bawaba, vitasa na misumari ya chuma cha kawaida haidumu kwenye hewa ya chumvi. Makabati tuliacha kabisa, tukajenga rafu za zege zenye mapazia ya kitenge. Na mchanga wa pwani usitumike kwenye zege lenye nondo, hata ukiwa mlangoni pako na hauna gharama: chumvi yake hula nondo, nondo huvimba kwa kutu, na zege hupasuka kutoka ndani.

Kutoka Michenzani

Sisi wa majumba yaliyoanza kujengwa enzi ya Mzee Karume hatuna ua, kwa hivyo mchango wangu ni mfupi. Tuliondoa kabati lililoziba dirisha la jiko, tukafunga meza ya kukunjwa ukutani, na roshani ikawa mahali pa vyungu vya mboga na kamba za nguo. Mkaa kwenye roshani siuafiki, kwa ajili ya jirani wa juu. Hata hivyo, nani anayeweza kutegemea umeme peke yake baada ya ile miezi takriban mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilipokuwa gizani? Najua waya mpya wa chini ya bahari ulifika 2013. Bado jiko langu la umeme lina mwenzake wa gesi.

Kutoka Fuoni

Nimesoma kwa makini, na kwa heshima natofautiana kidogo na mwenye uzi. Mke wangu ni mwalimu wa skuli. Akirudi saa nane mchana hana muda wa kuwasha seredani, na mkaa si rahisi kama zamani, licha ya moshi wake. Kwetu jiko la ndani ndilo linalopikiwa, na la nje ni la sikukuu. Tulitumia fedha kwenye dirisha kubwa lililotazamana na mlango, ili hewa ipite, na kwenye kijumba cha mtungi wa gesi nje ya ukuta. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, kwa hivyo kijumba chetu kina matundu chini, na mtungi hausogei karibu na shimo la maji machafu.

Jambo la pili ni maji. Nyumba tuliinunua ikiwa na ua uliomwagwa zege kuanzia ukuta hadi ukuta, na masika ya kwanza maji yalikosa pa kwenda yakaingia jikoni. Tulivunja karibu nusu ya zege hilo, tukaweka kokoto na kupanda mndimu na mpapai, na kizingiti cha mlango wa jiko kikapandishwa. Mtaani kwetu watu wanaendelea kusakafia nyua zao kwa vitofali vya kupendeza hadi kwenye shina la mwembe, kisha mvua ikinyesha wanalaumiana kwa kutupiana maji.

Mwenye uzi

Shukrani, kaka wa Fuoni. Nakubali kwamba nyumba ya mwalimu si nyumba ya mama mkwe wangu, na gesi sikuikataa. Nayo ninayo ndani. Ninachoshikilia ni kwamba anayepika ndiye aulizwe kwanza, kabla ya mwenye kulipa.

Dada mmoja wa Chake Chake ameniandikia kando akiuliza aanze na kipi, kwa kuwa fedha yake haitoshi kwa yote na nyumba yake ina jiko la nje la bati lililotoboka. Kwa maoni yangu aanze na paa, lenye upenu uliotoka vya kutosha kuzuia mvua ya upande, kisha mfereji wa maji machafu, kisha karo la chini. Meza ya zege inaweza kusubiri mwezi mwingine, na marumaru hata mwaka mwingine; ila mabomba yapitishwe kabla ya sakafu kumwagwa, ili isije ikakatwa tena. Sakafu ya nje iwe ya kukwaruza, kwani marumaru laini ikishika maji na tui haimwachi mtu salama.

Kwa wenzetu wa mji wenye kuta za chokaa, ratiba ni nyingine. Chokaa hukauka taratibu na haipendi masika, kwa hivyo fundi wa mwenzetu wa Malindi, kama nilivyoelezwa, hushika kazi za ukuta wakati wa kusi, na miezi ya mvua huitumia kwa mbao za ndani.