MREJESHO: Kuongeza sampuli jaribio likiwa katikati

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza kutoka Wete kama inafaa kubadilisha idadi ya washiriki jaribio likishaanza. Tulikuwa tunalinganisha ratiba mbili za vidonge vya madini chuma kwa wajawazito, tukitafuta tofauti ya himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya gramu 5 kwa lita. Tulikisia mkengeuko sanifu (jinsi vipimo vinavyotawanyika kutoka wastani) wa 10, hesabu ikatupa watu 126.

Nilifuata ushauri wa kukadiria upya bila kufichua makundi. Watu 63 walipomaliza, mtakwimu alitufungulia safu moja tu ya himoglobini, hakuna kundi A wala B. Mkengeuko ukatoka 12! Kwa uwezo uleule tuliopanga mwanzo wa asilimia 80 (nafasi ya kuigundua tofauti hiyo kama ipo kweli), idadi ikapanda hadi 182. Na kwa kuwa hakuna aliyeona tofauti baina ya makundi, kiwango cha asilimia 5, yaani hatari ya kudai tofauti isiyokuwepo, kilibaki palepale. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Aliyependekeza mipaka ya O'Brien-Fleming (kanuni ya kuamua kama jaribio lisimamishwe mapema kwa kulinganisha makundi katikati), nashkuru, lakini ile inataka watu huru wa kutazama makundi, nasi hatukuwa nao.

Halikutimia lote. Kibali cha marekebisho kilichelewa, masika yakaingia, kina mama wa kisiwa cha Kojani wakashindwa kuvuka. Tumeishia 168, uwezo takriban asilimia 77. Anayeanza sasa aiandike hatua hii ya kukadiria upya kwenye itifaki (mpango wa utafiti) mapema, asifanye kama sisi. Ahsanteni sana, hasa aliyenifanyia hesabu ile usiku.