Kitabu cha hadithi kwa mwanafunzi aliyefiwa: nikisome mbele ya darasa zima?

Mwalimu wa Darasa la Tatu (mwuliza swali)

Walimu wenzangu, naomba mawazo yenu. Katika darasa langu yupo mwanafunzi wa miaka minane aliyefiwa na mama yake muhula uliopita. Hapo awali alikuwa msemaji kuliko wote. Siku hizi hukaa na penseli mkononi bila kuandika, na nikimsogelea huinamia daftari kana kwamba kuna kitu anachokificha. Bibi yake, ambaye ndiye mlezi wake sasa, anasema hata nyumbani hali ni hiyo hiyo.

Nimepata kitabu cha picha kinachosimulia habari za mtoto wa umri wake aliyefiwa na mama kwa ugonjwa, kama ilivyomtokea yeye. Nilikusudia kukisoma mbele ya darasa zima ili wenzake nao waelewe anayoyapitia, kisha niulize maswali, lakini kila nikikifungua nasita. Je, kitabu kinachofanana kiasi hicho na maisha ya mtoto kitamfariji au kitamtonesha donda? Na nikishamaliza kusoma, nifanye nini?

Mkutubi wa shule

Mwalimu, kusita kwako kuna sababu. Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa fasihi ya watoto wa Marekani, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni madirisha ya kuchungulia maisha ya wengine, na kwamba mwanga ukikaa vizuri dirisha hilo hugeuka kioo ambamo msomaji hujiona. Yeye alikuwa akiwatetea watoto wasiojiona kabisa katika vitabu wanavyosoma, lakini nimeikopa picha hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba mtoto hujiona mwenyewe, wakati wake ukifika. Mpango wako, samahani kwa kusema waziwazi, ni kumshikia kioo usoni huku wenzake wakitazama.

Mimi ningetafuta hadithi yenye hisia hiyo hiyo ndani ya tukio jingine: kifaranga aliyepotezana na mama yake, au rafiki aliyehama bila kuaga. Mtoto hujiambia kwamba hayo ni ya kifaranga, wala si yake, na kwa kuwa si yake anaweza kuyasema. Angalia pia picha. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32 tu na maneno machache, na mara nyingi jambo zito kuliko yote huchorwa bila kuandikwa, kama vile kiti kisicho na mtu. Kurasa hizo usizipite haraka.

Mwalimu wa miaka mingi

Nitakueleza kosa langu ili usilirudie. Niliwahi kuwa na mwanafunzi ambaye wazazi wake walikuwa wametengana. Nilisoma hadithi ya namna hiyo, na nilipomaliza nikauliza, kwa sauti ya upole kabisa, nani kati yetu amewahi kupatwa na jambo kama hili. Darasa zima liligeuka kumtazama. Hakulia, alishika uzi uliochomoka kwenye mkono wa sweta yake, akauvuta taratibu mpaka kengele ilipolia, na wiki nzima iliyofuata hakukaribia kona yetu ya hadithi.

Tangu siku hiyo nauliza habari za mhusika tu: kwa nini sungura hakumwambia mtu, na sisi tungekuwa pale tungemfanyia nini. Atakayetaka kujisema atajisema. Swali jingine nililoliacha katika vipindi hivi ni lile tulilolizoea sote, la "hadithi hii inatufundisha nini?" Mtoto mwenye majonzi akilisikia hujua kwamba mazungumzo yamekwisha na mtihani umeanza, naye atakupa jibu unalolitaka, kwamba tuwe wavumilivu na tuwatii wakubwa, huku la moyoni mwake likibaki pale pale.

Mshauri nasaha

Naongeza machache upande wa kazi yangu. Caroline Shrodes, mtafiti wa matumizi ya usomaji kama tiba, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1949, alieleza hatua tatu: msomaji hujiona katika mhusika, kisha hisia alizozizuia hupata pa kutokea, hatimaye huielewa hali yake kwa namna mpya. Tatizo ni kwamba tunazitaka zote tatu katika kipindi kimoja. Mtoto anaweza kuomba hadithi ile ile mara sita asitamke lolote, na mimi huona kwamba huko kuomba tena ndiko kazi inakofanyika.

Kagua lugha ya kitabu. Kinachosema kwamba marehemu "amelala" au "amesafiri" kiweke kando, kwa kuwa mtoto mdogo huyachukua maneno hayo kama yalivyo na anaweza kuogopa kufumba macho usiku. Watoto wengi huanza kufahamu kati ya miaka mitano na saba kwamba aliyekufa harudi na kwamba mwili wake hauhisi tena. Huyu wako huenda ameshalifahamu hilo, lakini kufahamu hakumzuii kungoja, wala hakumzuii kujilaumu kimyakimya kwa kudhani ukaidi wake ndio uliomwuguza mama.

Zungumza na bibi kabla ya kusoma. Usimwahidi mtoto kwamba utatunza kila siri atakayokuambia, kwa sababu huenda akakuambia jambo linalokulazimu kuchukua hatua. Akisema anataka kufa au kumfuata mama yake, au ukiona dalili kwamba anaumizwa, weka kitabu chini na utafute mtaalamu siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa elimu ya awali

Natofautiana kidogo na mkutubi. Kile kitabu cha kwanza usikifiche. Kiweke rafuni pamoja na vingine, bila kukisifia wala kumwelekeza, akitaka atakichukua mwenyewe. Kuna watoto wanaochoshwa na vifaranga na sungura, wanaotaka kuambiwa jambo kama lilivyo.

Mwalimu wa Darasa la Tatu (mwuliza swali)

Nawashukuru nyote. Baada ya kuzungumza na bibi yake nilichagua hadithi ya kifaranga na kuisomea kundi la wanafunzi sita, yeye akiwa mmoja wao. Siku ya kwanza na ya pili hakusema neno. Siku ya tatu, wenzake walipokuwa wakibishana kama kifaranga angeweza kuvuka mto peke yake, alirudisha kurasa nyuma hadi kwenye picha ya usiku, akaifunika kwa kiganja, akauliza: "Sasa nani atajua kwamba anaogopa giza?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, nikalimeza. Mwenzake mmoja alisema kwamba kifaranga angeweza kumwambia mtu. Yeye akatafakari kidogo, akasema labda, lakini mama yake alikuwa anajua bila kuambiwa.

Jioni nilimwuliza bibi kama mtoto anaogopa giza. Alikuwa hajui. Kila usiku huizima taa ya chumbani mapema, akidhani mtoto amekwisha kulala.